Mbolea ya serikali kule depo ama ya agrovet: mwenye ekari moja mbili achague gani

Kila Januari swali ni lile lile, nisubiri meseji ya mbolea ya ruzuku, ile ya serikali ya bei nafuu, ama niende agrovet, yaani duka la pembejeo, nimalizane nayo. Watu wanabishana sana, huyu anasema mbolea ya serikali ni kama kuokota pesa, mwingine anasema ni usumbufu mtupu, na kwa maoni yangu wote wako sawa tu ila kila mtu anaongea juu ya shamba lake. Wa ekari kumi mwenye pikapu na wa ekari moja anayetegemea boda hawanunui kitu kimoja hata kama mfuko umeandikwa jina lile lile.

Naandikia mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia, Uasin Gishu, Bungoma ya juu, huko ambako tunapanda mara moja kwa mwaka na ukikosea Machi basi umekosea mpaka mwaka ujao. Wa mvua mbili, kule Embu ama Meru, hesabu ni ile ile lakini muda wenu ni mfupi zaidi.

Kwanza tukumbushane tumefikaje hapa. 2022 bei ya mbolea ilipanda vibaya, mfuko wa DAP, ile ya kupandia, wa kilo 50 ulikuwa unapita 6,000 kwa urahisi, watu wakapanda bila mbolea ama wakagawanya mfuko mmoja kwa ekari mbili. Septemba mwaka huo serikali mpya ikaanza ruzuku, DAP ikawa 3,500, CAN ya topdresi, ile ya kuongezea mahindi yakishakua, 2,875, zingine na bei zao. Halafu Agosti 2023 wakashusha zile kubwa zikawa bei moja, 2,500 kwa mfuko, iwe DAP iwe CAN iwe NPK. Hiyo bei moja watu wengi hawajaifikiria vizuri na ndiyo inabadilisha hesabu yote, nitairudia hapo chini.

Kuipata lazima uwe umesajiliwa kwenye ile rejista ya wakulima, KIAMIS, ile chifu na vijana wa kuandikisha walipita nayo wakiuliza kitambulisho, namba ya simu, ekari ngapi na unalima nini. Vocha inakuja kwa simu, idadi ya mifuko inafuata ekari ulizoandikisha, unaenda nayo depo ya NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, ama kituo cha karibu ambacho kaunti ama ushirika wamefungua. Sasa kama laini uliyoandikisha ilipotea, ama uliandikisha ekari moja na siku hizi unalima tatu za kukodi, rekebisha mapema kwa ofisi ya chifu ama kwa afisa wa kilimo wa wadi, usingoje mvua inanyesha ndio unakimbia kuuliza mbona sijapata meseji.

Agrovet haina hayo yote. Unaingia, unalipa, unatoka. Unaweza kununua kilo tano ama gorogoro mbili. Wengine wanakujua wanakupa kwa deni mpaka mavuno, hiyo depo haiko. Na kama mvua imeshika leo saa nane mchana, kesho asubuhi unapanda. Hiyo ndiyo faida kubwa ya agrovet na ina thamani kuliko watu wanavyodhani.

Sasa hesabu. Bei ya 2,500 ni ya mlangoni depo, sio ya shambani. Tuseme agrovet ya kijijini kwenu DAP ni 6,000 (weka bei ya kwenu, inabadilika kila mahali), na depo iko mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni 400, boda ya kubeba ni 300 kwa kila mfuko, na siku yako moja ya kazi tuihesabu 500 kwa sababu siku hiyo hukulima na hukufanya kibarua. Ukienda kuchukua mfuko mmoja unatumia 1,200 juu ya bei, kwa hivyo mfuko umefika shambani kwa 3,700. Ukichukua mifuko miwili unatumia 1,500, kila mmoja unafika kwa 3,250. Mwenye mifuko kumi akikodi pikapu ya 3,000 na zile 900 zake za nauli na siku, mfuko unafika kwa 2,890. Kwa hivyo hapo bado depo inashinda kwa wote, hata huyu wa mfuko mmoja ameokoa 2,300.

Lakini hiyo ni kama ulienda mara moja ukapata. Ukienda ukaambiwa DAP imeisha rudi wiki ijayo, umeshatumia 900 bila kitu. Ukirudi tena ukaambiwa hivyo hivyo, 900 nyingine. Safari ya tatu ukapata ule mfuko mmoja, umekugharimu 5,500. Umeokoa 500 peke yake na labda umechelewa kupanda wiki mbili tatu. Ndiyo maana nasema wote wanaobishana wako sawa. Mwenye mifuko kumi akirudishwa mara mbili ile 1,800 inagawanyika kwa kumi haimuumi, mwenye mfuko mmoja inamla yeye peke yake, na hili linaniuma kwa sababu ruzuku ilitakiwa imsaidie yeye kwanza.

Dawa ya wadogo hapo ni kwenda kwa kikundi. Watu wanane wa kijiji kimoja, mmoja anatangulia kupiga simu ama kufika kuuliza stoki iko, mkihakikisha mnakodi gari moja mnaenda na vocha zenu zote siku moja. Gharama yenu inashuka inakaribia ya yule wa pikapu. Hata vikundi vya merry-go-round vya akina mama vinaweza kufanya hivi, hakuna haja ya kusajili kitu kipya.

Tuje kwa ile bei moja. Ukinunua mbolea hununui mfuko, unanunua chakula cha mmea kilicho ndani yake, na zile namba kwenye mfuko ndizo zinakuambia ni kiasi gani. DAP ni 18:46, maana yake kila kilo 100 kuna 18 za nitrojeni na 46 za fosfeti, kwa hivyo mfuko wa 50 una kilo 9 na kilo 23, jumla 32. Sasa kama mifuko hii ni 2,500 kila mmoja, angalia kila kilo ya chakula inakugharimu ngapi:

DAP: kilo 32 ndani ya mfuko, kama bob 78 kwa kilo.
NPK 17:17:17 (namba ya tatu ni potashi): kilo 25 na nusu, kama bob 98.
NPK 23:23:0: kilo 23, kama bob 109.
Urea: 46 za nitrojeni, kwa hivyo kilo 23, nayo kama bob 109.
CAN: 26 za nitrojeni, kwa hivyo kilo 13, kama bob 192.


Kwenye soko la kawaida CAN huwa chini ya DAP kwa sababu imebeba kidogo. Kule depo bei zimelinganishwa, maana yake serikali inakusaidia zaidi ukichukua DAP kuliko ukichukua CAN. Kwa hivyo kama pesa zako zinatosha kukimbizana na depo kwa mfuko mmoja tu, ukimbizane na wa kupandia. Na ukifika ukaambiwa DAP haiko chukua 23:23, usidhani umepata kitu kile kile, mfuko mmoja wa 23:23 una fosfeti kilo 11 na nusu, nusu kamili ya DAP. Kufikia fosfeti ya mfuko mmoja wa DAP unahitaji miwili, yaani 5,000, na usafiri wa miwili. Sio mbaya kwa sababu umepata na nitrojeni nyingi zaidi, ila usiweke mfuko mmoja kwa ekari halafu ushangae mbona mahindi yamekaa rangi ya zambarau kwenye majani ya chini. Hiyo zambarau mara nyingi ni fosfeti imekosekana.

Urea na CAN za kutopdresi vile vile. Urea kwa hesabu ya bob inaipita CAN mbali, karibu nusu ya gharama. Lakini urea ukiitupa juu ya udongo jua likiwaka inapotea hewani, lazima uifukie ama uiweke mvua ikiwa karibu. Kama shamba ni dogo na unaweka kwa mkono kila shina na kufunika kwa jembe wakati wa kupalilia, chukua urea bila wasiwasi. Kama unarusha tu ukitembea, CAN itakuhurumia zaidi.

Sasa muda, na hapa nataka tuelewane vizuri. Fosfeti haitembei kwenye udongo. Inakaa pale pale ulipoiweka, kwa hivyo lazima iwe kwenye shimo karibu na mbegu siku ya kupanda, mizizi midogo iikute. Ukiileta wiki tatu baadaye ukaimwaga juu, mwaka huo imekusaidia kidogo sana. Nitrojeni ni tofauti, inashuka na maji, na mahindi yanaihitaji zaidi yakishafika magotini kuelekea kutoa maua, kwa hivyo kutopdresi unaweza kusogeza siku kadhaa bila kuumia sana. Na kuchelewa kupanda kwenyewe ni hasara nyingine, kiangazi udongo unajikusanyia nitrojeni yake, mvua za kwanza zinaiachilia, mahindi yaliyo ardhini tayari yanaila, yale ya wiki tatu baadaye yanakuta imeshasombwa chini na udongo umekuwa baridi na maji.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, mbolea ya kupandia ifuate Januari na Februari, kabla watu hawajajaa, na ujiwekee tarehe. Ikifika katikati ya Machi ama mvua ikianza kushika na bado huna kitu mkononi, wacha kusubiri, nenda agrovet ununue hata nusu mfuko uweke kidogo kidogo kwa kizibo cha soda kila shimo, usiache shamba likingoja meseji. Halafu ile ya topdresi ndiyo usubiri depo, una mwezi na zaidi wa kuifuatilia. Kama ulisikia mtu akisema changanya, hii ndiyo namna ya kuchanganya inayoeleweka, agrovet inakuokoa kwa muda na depo inakuokoa kwa bei.

Ukiichukua mapema kuna suala la kuweka. DAP inakaa vizuri ukiinua juu ya mbao, mbali na ukuta, mfuko haujafunguliwa. CAN ni shida kidogo, inavuta unyevu inakuwa jiwe, kwa hivyo hata kwa sababu hii hakuna haja ya kuichukua Januari. Na usiweke chumba kimoja na mbegu wala unga.

Kuhusu feki lazima tuseme wazi. Machi 2024 waandishi wa upekuzi walifichua kwamba kuna mifuko iliyopita kwenye mpango wa ruzuku ndani ikiwa sio mbolea, na mambo yakafika bungeni, hoja ya kumng'oa waziri wa kilimo wa wakati huo Mithika Linturi ikapita Mei, halafu kamati teule ikasema tuhuma hazikuthibitishwa akabaki kwa muda. Serikali ikaahidi kuwabadilishia waliouziwa. Mkulima aliyekuwa ameshapanda na ile kitu hata ukimpa mfuko mpya Mei, fosfeti ilishakosekana kwenye shimo. Mimi siwezi kumlaumu mtu aliyeapa baada ya hapo kwamba depo hakanyagi tena.

Ila usidhani agrovet ni salama kwa sababu sio ya serikali. Mifuko inafunguliwa, inachanganywa, inashonwa tena, na hii ya kupimiwa kilo kilo ndiyo rahisi zaidi kuchezewa kwa sababu hata mfuko wenyewe huuoni. Kokote unakonunua angalia ushonaji, uzi uwe mmoja usiokatwa na kurudiwa, alama ya KEBS, shirika la viwango, jina la aliyetengeneza, na kama kuna mizani ipime, mfuko wa kilo 46 sio wa 50. Nyumbani chukua glasi ya maji safi. Urea kijiko kimoja ikorogwe, inayeyuka yote na glasi inakuwa baridi mpaka unaisikia mkononi, ukiona haipoi na kuna kitu kimebaki chini uwe na shaka. DAP inayeyuka karibu yote. CAN kawaida inaacha unga mweupe mweupe wa chokaa chini kwa hivyo usiogope huo, lakini changarawe na mchanga hapana. Fanya hivi siku unapoleta, sio siku ya kupanda. Tofauti ninayoiona kati ya depo na agrovet hapa ni ushahidi. Depo jina lako na vocha yako viko kwenye mfumo, kukitokea kitu unajulikana ulichukua. Agrovet bila risiti huna neno, kwa hivyo dai risiti hata kama ni jirani yako, na weka kipande cha mfuko mpaka mavuno.

Kitu kingine ambacho hakizungumziwi ni udongo. Sehemu kubwa ya magharibi na North Rift udongo una asidi, na DAP mwaka baada ya mwaka inazidisha. Kwenye asidi kali ile fosfeti unayonunua inashikwa na madini ya chuma na alumini, mmea hauipati, kwa hivyo hata ukipewa DAP kwa 1,000 bado unatupa pesa. Kama umepanda DAP miaka mingi na mavuno yanashuka pole pole, pima udongo kwanza, halafu labda pesa ya mfuko mmoja uipeleke kwa chokaa ya kilimo, ile ya Koru inafika huku kwetu. Depo unachukua kilicho stoo siku hiyo. Agrovet nzuri inaweza kukuagizia aina inayofaa shamba lako, na kwa mtu wa viazi ama mboga anayehitaji potashi hiyo inaweza kuwa sababu tosha ya kulipa bei ya juu.

Nimeulizwa pia mbona serikali isitupe pesa tu mkononi. Kuna kitu kinakaribia hapo, bima ya mazao ya ruzuku iliyoanza 2016 na Bungoma, Nakuru na Embu, serikali ilikuwa inalipa nusu ya malipo ya bima na mkulima nusu. Inapima mavuno ya eneo zima, sio shamba lako, eneo likishuka chini ya kiwango kilichowekwa wote waliokata bima hapo wanalipwa. Ubaya wake ni kwamba mvua ya mawe ikipiga shamba lako peke yako hupati kitu. Kwa wafugaji wa kaskazini ilikuwapo ile iliyoanza 2015 Turkana na Wajir, setilaiti ilikuwa inaangalia malisho, yakikauka familia inalipwa kabla mifugo haijafa. Ni vitu vizuri lakini havichukui nafasi ya mbolea, bima inakuja baada ya hasara. Kama una ya kuchagua moja, na shamba lako halina historia ya ukame, anza na mbolea.

Na majirani wa Tanzania wanaosoma, ninyi mpango wenu ulioanza msimu wa 2022/23 uko tofauti kwa kitu kimoja kikubwa, mkulima aliyesajiliwa kijijini anachukua kwa wakala wa pembejeo, yaani duka la kawaida, kwa bei iliyopangwa, DAP na urea zikashuka kutoka zaidi ya laki moja hadi 70,000. Hapo swali la depo ama duka linakuwa jingine, kwenu linabaki wakala yupi ana mzigo na yuko umbali gani. Kwa upande wangu naona njia hiyo ingemfaa sana huyu wetu wa mfuko mmoja, kwa sababu duka liko karibu na yeye kuliko depo, ingawa wakala naye anahitaji kulindwa sana asiuze mzigo pembeni.

Kwa hivyo nani achukue wapi. Uko karibu na depo ama kituo cha wadi, hata kwa boda ya 100, chukua zote huko usiwaze. Uko mbali na una mifuko minne kwenda juu, depo, kwa gari, Februari. Uko mbali na una mfuko mmoja, tafuta kikundi, ukikosa kikundi piga simu mpaka uhakikishe stoki, safari moja tu, ikifeli hiyo moja nenda agrovet na usirudi tena kwa ya kupandia. Unalima robo ekari ya kula nyumbani, kilo kumi za agrovet zinakutosha na nauli ya depo ingekula kila kitu. Hujasajiliwa, msimu huu ni agrovet, lakini jisajili sasa hivi wakati chifu hana foleni. Na kama huna pesa taslimu kabisa na kuna agrovet inakukopesha, uliza kwanza utalipa magunia mangapi wakati wa mavuno, kwa bei gani ya gunia, andikeni, kwa sababu mahindi ya Novemba huwa bei ya chini na deni la mfuko mmoja linaweza kukuchukulia gunia mbili ambazo Mei zingekuwa pesa nzuri.